Jua Lilipopatwa Kwa Angelina

Mwalimu Loisi alifundisha jiografia miaka thelathini na moja, na kila mwaka alichora ubaoni jua lililopatwa, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuliona likifunikwa lote. Alipostaafu alibaki peke yake nyumbani kwake, mtaa wa Area D, kwani bintiye Angelina alikuwa Marekani, huu mwaka wa tisa.

Aprili ile ya 2024, saa tatu na nusu usiku, Angelina akapiga simu ya video. Kwake, Texas, ulikuwa mchana.

"Shikamoo mama. Jua linapatwa! Niko uani, ngoja nikuonyeshe."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe."

Simu ikaelekezwa angani. Loisi akaona weupe mkali ukififia, akasikia majirani wa huko wakishangilia. Lilipobakia jua jembamba kama ukucha, Loisi akaita:

"Angelina, geuza simu. Nataka kukuona wewe."

"Mama! Si ndilo hili ulilolisubiri maisha yako yote?"

"Wewe geuza tu."

Angelina akageuza. Giza likatanda, uso wake usionekane, ila pumzi zake zikasikika karibu, kama zamani walipolala kitanda kimoja. Mwanga uliporudi, Loisi akaona mvi juu ya paji la uso la bintiye, na mashavu yaliyolowa.

"Utakuja lini?"

"Desemba, mama, Mungu akipenda."

Hata mwaka juzi alisema Desemba. Loisi akaitikia amina, na asubuhi yake akafungua chumba cha Angelina, akatoa godoro nje likapigwe na upepo.