Kachinja Aliyekosa Baiskeli

Nereah alikuwa mgumu wa kuamini. Akinunua mafuta ya taa, alinusa chupa kwanza. Mgeni akisifu chai yake, alikwenda kuchungulia mkebe wa sukari. Wenzake waliouza naye samaki wakavu sokoni Busia, upande wa Uganda, walimtania kwamba hata jua likichomoza yeye huuliza limetumwa na nani. Alivuka kila asubuhi kutoka upande wa Kenya, na katika utani huo hakuona cha kuchekesha.

Siku hizo, Uhuru ukiwa bado mchanga, aliyemtilia shaka kuliko wote alikuwa mumewe. Rasto, fundi cherehani, alisinzia mchana kweupe. Aliwahi kushona mkono wa shati juu ya mfuko, usingizi umemchukua na mguu bado unakanyaga mashine. Usiku sasa, macho makavu, alizungukazunguka uani. Nereah hakuhitaji mganga wa kumfumbulia hilo: mume anayelala mchana ana mwanamke wa usiku. Alimkagua viatu kutafuta matope, na akiyakosa, alisema basi huyo mwanamke anakaa karibu.

Ndipo wakaja vijana wa utafiti kutoka Tororo, wale wanaochunguza mbung'o. Wakubwa wao walikuwa wamewaandalia mashindano: kila mmoja asimame sokoni aeleze kazi yake kwa Kiswahili, bila Kiingereza hata chembe, na atakayeeleweka zaidi apewe baiskeli. Nereah aliiona imeegemezwa kando ya meza ya waamuzi, akaguna. Mtu anayetaka baiskeli atasema lolote.

Wa kwanza, Edimu, alivaa tai. Aliigiza mbung'o, akaigiza mgonjwa, soko likavunjika mbavu. "Mwenye malale, ugonjwa wa mbung'o, analala mchana, usiku anakesha," alisema. "Shingo inavimba. Asipotibiwa, anakufa." Watu wakapiga makofi. Nereah hakupiga. Alikumbuka vivimbe alivyogusa shingoni mwa Rasto akidhani ni majipu.

Wa pili alikuwa Odoi, Mjopadhola mwembamba wa huko Tororo, Kiswahili bado kinampiga chenga. "Dawa iko," alisema. "Lakini kwanza sisi naangalia damu. Usiogopa. Mimi nakuja kwa nyumba, nachinja mtu kidogo tu, kwa kidole."

Maskini, alitaka kusema kuchanja. Lakini nani miaka ile alikuwa hajasikia habari za kachinja, watu wanaosemekana kukamata wenzao njiani na kuwanyonya damu? Mwanamke mmoja akapiga yowe, vikapu vikapinduka, na kufumba na kufumbua Odoi alikuwa akihutubia mafungu ya vitunguu. Baiskeli akaondoka nayo Edimu.

Nereah alikimbia pia. Nyumbani alimtazama Rasto akisinzia na tonge mkononi, na yeye mwenyewe akawa na hofu mbili: ya ugonjwa, na ya hao waliosema wanautibu. Huenda kijana aliteleza ulimi. Na kama ulimi ulitoa siri?

Wiki iliyofuata Odoi alitokea tena sokoni, suruali imejaa matope hadi magotini. Alikuwa akiuliza kila meza kama kuna mtu anayelala mchana. Watu walimpa mgongo.

"Wewe kijana," Nereah alimwita. "Mashindano yamekwisha, baiskeli imekwenda. Unatafuta nini tena huku?"

"Natafuta mgonjwa, mama."

"Umetumwa na nani?"

"Hapana mtu. Leo mimi iko likizo."

Nereah akamkagua viatu, kama alivyozoea kumkagua mumewe. Kwa huyu matope yalikuwepo kweli, ya mtu aliyetembea vijijini kwa miguu. Akafunga samaki wake, akamwambia atangulie, naye akafuata nyuma akimwelekeza njia, kisu cha samaki kapuni.

Walimkuta Rasto ameangukia cherehani, amelala. Odoi akatoa sindano.

"Anza na mimi," Nereah alisema.

Tone moja tu likatoka. Nereah alisubiri aone kama ataanguka. Hakuanguka. Akauinua mkono wa mumewe, mume aliyemshutumu bure miezi yote ile, akamsogezea Odoi.

Rasto akafumbua macho. "Huyu ni nani?"

"Ni kachinja wangu," alisema Nereah, machozi yakimtiririka. "Mpe kidole."