Siku Jezi ya Babu Ilipopigwa Mnada

Mwenzangu, wiki iliyopita mjukuu wangu alinikokota mpaka Bagamoyo mjini, ati nikaone mnada wa nguo kuukuu. "Bibi, twende, utafurahi, ni vitu vya enzi zenu." Enzi zetu! Mtoto anasema enzi zetu kama vile tumeshazikwa. Nikavaa baibui langu nikaenda. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, vijana wa Dar wamejaa, wengine na miwani myeusi utasema wana macho mekundu. Kwenye kamba zimetundikwa kanga zilizopauka, koti la mzee wa watu lililotobolewa na nondo, jezi za mpira za zamani, na mpira wa ngozi umesinyaa kama papai lililosahauliwa juani. Na watu wanavigombania! Binti mmoja, kucha ndefu hizi, kashika kaniki ambayo mama yangu angedekia sakafu, anasema kwa puani, "Jamaniii, hii vinteji kabisaaa." Nikamwuliza, "Mwanangu, vinteji ndiyo nini?" Akasema ni kitu kikongwe chenye thamani. Nikamwambia, basi nitundike na mimi hapo kwenye kamba tuone nitafika ngapi.

Tulicheka wote. Halafu dalali akainua jezi moja ya kipa, mikono mirefu, akashika kipaza sauti: "Mara ya kwanzaaa! Mara ya piliii!" Hapo kicheko kikaniishia. Mkono ukamkamata mjukuu wangu mpaka akasema, "Bibi, unaniumiza." Mara ya pili. Wewe hujui neno hilo lilivyonifanya nilipokuwa mtoto. Kaa nikwambie.

Kwetu ni Kaole. Babu yangu alikuwa kipa wa timu ya kijiji, kipa wa zamani, wa kudaka kwa kifua na kutema mchanga. Siku hizo jezi hazikununuliwa dukani zikaja na namba zake. Ililetwa fulana nzito ya kijani yenye kola, imevaliwa na watu wengine huko, namba ukajitafutie mwenyewe. Bibi yangu akachukua kisutu chake, kile cha harusi, chekundu na cheupe na cheusi, akatia mkasi. Mama yake alilia siku ile, "Kisutu ulichoingia nacho nyumbani kwa mume unakikatia mpira!" Bibi hakujali. Hakujua kusoma, kama mimi tu, lakini moja ni mchi uliosimama, nani asiyeijua? Akashona mchi wa kisutu mgongoni mwa mumewe, mishono midogo midogo kama mchele. Na mabaki akayapachika viwikoni, maana babu alikuwa anaangukia viwiko kila Ijumaa.

Mimi nilimjua babu akiwa mzee tayari, haendi tena golini, lakini jioni anakaa uani anatuchezesha. Unaweka limau chini, unapiga, yeye anadaka amekaa kwenye kigoda, huku anakutia maneno. Sauti yake ilikuwa nzito, ina mkwaruzo, kama mtu anaburuta mkeka kwenye sakafu ya udongo. Mimi nilikuwa naiga kila mtu, ndiyo kazi yangu mpaka leo. Nilimwiga mwalimu wetu wa chuo cha Kurani anavyovuta kamasi katikati ya aya, nilimwiga jirani yetu anavyowaita kuku. Na babu nilimwiga mpaka bibi alikuwa anaitikia "labeka" toka jikoni, akija anakuta ni mimi.

Babu akafa. Arobaini ikapita, ikaja mirathi. Watoto wake wametawanyika, kila mmoja na fungu lake, bibi na thumuni yake, na kitanda hakikatwi vipande. Kwa hiyo kila kitu cha marehemu kinatolewa uani, kinapigwa mnada, ndipo kinachopatikana kinagawiwa. Kila kitu, mwenzangu. Kuficha hata kijiko ni kuwala wenzio. Bibi alikuwa mtu wa kumwogopa Mungu, akalifunua kasha mwenyewe, akatoa kanzu, koti, na ile jezi. Akaikunja akaiweka juu kabisa. Alichotaka ni kimoja tu, ainunue kama watu wengine wanavyonunua.

Sasa shida ilikuwa hapa. Bibi alikuwa kizuka, yumo ndani ya eda. Mwanamke aliyefiwa na mume haonwi na wanaume wa nje, hasemi nao, hajipambi, anakaa chumbani na nguo yake nyeupe mpaka siku zake ziishe. Mnada uko uani umejaa wanaume, yeye yuko nyuma ya ukuta. Akamwita shangazi yangu, binti yake mkubwa, akamfungia pesa zake zote za makuti kwenye pindo la kanga. "Utasimama nyuma ya pazia la mlango wa uani. Wakifika kwenye jezi, wewe pandisha. Usiwaachie."

Shangazi! Mungu amrehemu, alikuwa mpishi hodari, lakini sauti hakupewa. Akiongea mbele ya wanaume utadhani kifaranga kimekanyagwa. "Ndiyo, mama," akasema hivyo, chiii, na mimi nikajua tumekwisha.

Wakaja watu baada ya swala ya alasiri. Mimi nimekalia mbuzi karibu na mlango nakuna nazi, maana wageni watalishwa mihogo, pazia liko hapa, jicho langu liko kwenye tundu la pazia. Dalali katoka mjini, kofia imemkaa upande, anaimba tu: "Jembe hilo, mpini mpya, anasema nani? Baiskeli hiyo, kengele inalia!" Jembe likaenda, baiskeli ikaenda, kitanda cha kamba kikaenda kwa jirani. Kisha nikamwona aliyenifanya nijikune kidole badala ya nazi.

Nahodha wa zamani wa timu ya Zinga. Mtu mnene, shingo hana, sauti yake inatoka puani kama zumari lililoingia maji. Zamani, kwenye mechi ya Zinga na Kaole, alipewa penalti mpira unakaribia kwisha. Babu golini akamwambia mbele ya watu wote, "Piga basi, bwana harusi! Mbona unauzunguka mpira kama jogoo?" Nahodha akapiga, babu akaudaka, akaubusu, akaurudisha uwanjani. Toka siku hiyo kila anakopita, hata sokoni, watoto wanamwita bwana harusi. Kazeeka na jina hilo. Leo kaja kufanya nini kwenye mirathi ya watu? Hakununua jembe, hakununua kanzu. Kakaa kwenye kiti, miguu mbele, anangoja.

Dalali akaikunjua jezi. Wanaume wa Kaole wakainamisha vichwa, wanaangalia vidole vyao vya miguu. Unajua kwa nini? Walikuwa wanaiogopa! Kijiji kizima kiliamini viraka vile vya viwikoni vina hirizi ndani, ati ndiyo maana mzee alikuwa hapitwi na mpira, na atakayeivaa bila idhini yake atapooza mikono. Hirizi! Vipande vya kisutu na uzi wa bibi yangu. Lakini nani angewaambia? Mwenyewe kanyamaza ndani ya eda, na shangazi ndiyo huyo.

"Nani anaanza?" dalali akauliza. Shangazi akatoa kisauti chake nyuma ya pazia, "Hapa." Dalali hakusikia. Nikamfinya mguu. "Hapa!" Dalali akatega sikio, akataja bei, akaanza: mara ya kwanza, mara ya pili. Ndipo nahodha akakohoa. Hasemi kitu, anakohoa, ehem, anainua kidole. Kaongeza. Shangazi naye akaongeza. Mara ya kwanza, mara ya pili, ehem. Kila ikifika mara ya pili, anakohoa. Alikuwa anakula raha, mwenzangu, kama paka anavyocheza na panya hana hata njaa.

Mwalimu wa chuo, ambaye ndiye aliyekuwa anasimamia mirathi, akamwuliza kwa upole, "Bwana nahodha, jezi hii unaitakia nini?" Akajibu kwa puani, watu wote wasikie: "Nina shamba la mpunga, mwalimu. Ndege wananisumbua. Nataka nivalishe sanamu, mzee adake ndege sasa." Watu wawili watatu wa Zinga wakacheka.

Nikakimbia chumbani. Bibi kakaa ukingoni mwa kitanda, anasikia kila kitu, dirisha liko pale pale. Kaing'ata ncha ya nguo yake nyeupe. "Mwambie aongeze," akaninong'oneza. Nikakimbia, "Bibi anasema uongeze." Mara ya kwanza, mara ya pili, ehem. Nikakimbia tena. "Aongeze." Nazi niliiacha, kuku wakaipanda. Nikarudi, shangazi kafungua fundo la kanga yake, kanionyesha kiganja. Kilichobaki ni cha mwisho. Akakitaja. Sauti yake ikakatika katikati, kila mtu uani akajua kuwa baada ya hapo hakuna kitu.

Nikachungulia. Jua linampiga nahodha usoni, jasho linamtiririka, anatabasamu. Dalali akasema, "Mara ya kwanza." Nikageuka nyuma, nikamwona bibi kasimama kwenye mlango wa chumba, mkono kwenye fremu, mguu mmoja umetangulia. Nikaelewa. Mwanamke yule alikuwa anataka kutoka. Atoke eda yake haijaisha, mbele ya wanaume wote wale, akaing'ang'anie fulana mbele ya dalali, na aibu yake ingemfuata mpaka kaburini. Na kama asingetoka, mumewe angekwenda kufukuza ndege Zinga.

"Mara ya piliii."

Nahodha akavuta pumzi ya kukohoa. Na mimi, wallahi sikupanga, mdomo ulifunguka wenyewe. Sauti ikatoka tumboni, nzito, ina mkwaruzo:

"Piga basi, bwana harusi! Mbona unauzunguka mpira kama jogoo?"

Hata kuku waliacha nazi. Nahodha kidole kimebaki hewani, mdomo wazi, anatazama pazia, na pazia linapepea kwa upepo. Rangi ilimtoka, akawa kama muhogo uliolowekwa. Akaangalia pazia, akaangalia vile viraka vya viwikoni. Kile kikohozi kikamezwa, nilikiona kinashuka kooni. Mwalimu akasema, "Astaghfirullah." Dalali naye, nadhani yeye alitaka tu kwenda kwao kabla hajaitwa na yeye, akabwata haraka haraka: "Mara ya tatu imekwenda kwa mama!" Akaitupa jezi kwenye pazia kama inamchoma.

Uani wakaondoka wakisukumana, mihogo hakula mtu. Nahodha hakuaga. Jirani yetu alisema baadaye kwamba alipita njia ndefu ili asipite makaburini.

Mimi nilijikunja nyuma ya mlango nangoja kofi. Kumwiga maiti, ndani ya nyumba yake, mbele ya kizuka wake! Shangazi keshaanza, "Mtoto huyu ana laana, mama, mtoto huyu..." Bibi akamnyamazisha kwa mkono. Akaja akachuchumaa mbele yangu, jezi kaikumbatia, uso umelowa. Akasema, "Sema tena."

Nikasema tena. Akafunga macho.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Kila alasiri akimaliza kuswali ananiita chumbani, ananipa tende, ananiambia, "Hebu babu yako." Na mimi namletea: "Mke wangu, kahawa ya leo umeipika au umeionyesha moto tu?" Anacheka, anamjibu. Anamjibu kabisa, anamgombeza, anamwambia mwembe umezaa, anamwambia mwanao hajaleta barua. Siku nyingine ananirekebisha: "Hapana, hapo angenyamaza kwanza." Nanyamaza kwanza. Wanawake waliokuja kumkalia eda waliona vibaya, wakasema mtoto atarukwa na akili. Bibi aliwaambia wao waume zao wako hai na hawasemi nao.

Siku eda ilipokwisha wakamwogesha, akavaa kanga ya rangi, akatia wanja. Nikaingia nikasimama kama kawaida, nikaanza sauti. Akaniwekea kiganja mdomoni, taratibu. "Basi, mama. Sasa tumwache alale."

Jezi hakuitunza kama hawa watoto wangeitunza, kwenye kioo na taa. Aliivaa. Alikwenda nayo kulima muhogo, kola imesimama, mchi wa kisutu mgongoni, wanaume wakimwona wanapisha njia. Akalima nayo mpaka ikaisha, viwiko kwanza, halafu mabega, kipande cha mwisho tulikifungia mche wa mlimau usivunjwe na upepo. Leo hata uzi wake sina.

Na mimi nilimtii bibi, babu sikumwiga tena. Miaka ikapita, bibi naye akaenda zake, shangazi akaenda. Sauti za watu wote ninazo mpaka sasa, nikitaka mwalimu wa chuo namtoa, nikitaka shangazi chiii namtoa, hata nahodha na zumari lake. Babu ndiye simpati. Najaribu nikiwa peke yangu jikoni, navuta tumboni, natafuta ule mkwaruzo, kinatoka kikohozi cha bibi kizee. Namwuliza nani kama ndivyo alivyokuwa anasema? Aliyekuwa akinirekebisha hayupo.