Mbuzi Niliyemchinja Mwenyewe

Nilikosa. Naanza na hilo, maana kila nikianza na sababu zangu huishia kujisamehe, na msomi hakosi sababu!

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa bwana maendeleo, kijana aliyetoka chuo kikuu juzi tu, katika kijiji cha ujamaa huko Nyarubungo. Nilipewa chumba kwa Mzee Hamadi, Mwislamu. Wakristo tulikuwa wengi kijijini, lakini nyama ya shughuli ilichinjwa na Mwislamu, ili wote wale chungu kimoja. Niliambiwa siku ya kwanza. Nikaandika hata kwenye daftari!

Rajabu, mwanawe Mzee, alijiandikisha mgambo aende vitani. Nikatoa mbuzi wa kumuaga. Asubuhi baba na mwana wakaenda Biharamulo mjini, bomani, kuhakikisha jina lake.

"Tukirudi nitachinja mwenyewe," Mzee aliniambia. "Usiwe na haraka, Bwana Maendeleo."

Saa sita ikafika, hawajarudi. Lori la kuwachukua vijana lilikuwa la saa kumi. Nikajiambia kisu ni kisu tu. Nikachinja nyuma ya nyumba, hakuna aliyeniona.

Walipofika, nyama ilikuwa inatokota.

"Nani kachinja?"

"Mwalimu wa madrasa alipita, Mzee."

Lo! Ulimi wangu haukukwama hata kidogo.

Rajabu alikula akalamba vidole. "Bwana Maendeleo, leo umefanya kazi! Siku zote ni hotuba tu!" Tukacheka. Akapanda lori.

Siku ya tatu Mzee alikutana na mwalimu, akamshukuru. Mwalimu akashangaa. Siku ile alikuwa msibani Bisibo.

Mzee alinikuta barazani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Rajabu hana dhambi," alisema taratibu. "Hakujua. Mimi sikujua. Wewe ulijua."

Nilihama siku hiyohiyo. Alinisaidia kubeba sanduku langu mpaka barabarani. Afadhali angenitukana!

Rajabu hakurudi. Nilikwenda kutoa pole, nikakaa jamvini na wanaume. Mama yake akatoka uani, akanijia.

"Ahsante kwa mbuzi yule, mwanangu. Ndicho chakula chake cha mwisho hapa nyumbani. Alishiba."

Kumbe Mzee hakumwambia! Nilimgeukia. Alikuwa anatazama chini.

"Si kitu, mama," nikasema.

Sikulia. Hata leo silii, nakaa tu kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake ofisini. Wazee wale wote wawili wamekwisha kufariki. Nimebaki na ninyi wa kuwaambia.

Ndugu yangu, ukienda kuishi kwa watu wenye dini yao, shika taratibu zao hata kama huoni maana yake. Na kama umekwisha kuzivunja, sema kabla hawajatia tonge kinywani. Mimi nafasi hiyo niliipata. Walikuwa bado wananawa mikono.