Fundi Jicho na Kisu cha Kukatia

Jina la Fundi Jicho hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu katika miaka thelathini na miwili ya kukereza vyuma hakuwahi kupanga kisu kwa kipimo. Alikuwa akiinama kidogo, anafumba jicho la kushoto, analinganisha ncha ya kisu na kitovu cha chuma, basi, imetoka hiyo. Na kwa kuwa mdomo wake haujui breki, alishatangaza mbele ya karakana nzima: "Siku nikihitaji rula, funguo za hapa namkabidhi binti yangu, mimi nakwenda kukaa kibarazani nihesabu wapita njia."

Binti mwenyewe alikuwa mkereza kama yeye, mtu mzima mwenye watoto wawili, na rula yake nyembamba ya chuma haikumtoka mfukoni. Baba mtu kila akiiona anaguna.

Jumatatu hiyo kazi ilikuwa ya kitoto: bushi kumi na mbili za magurudumu ya mikokoteni. Unakereza chuma cha mviringo, unatoboa katikati, kisha unakata kipande kwa kisu chembamba. Hapo kwenye kukata ndipo palipoingia kisirani. Bushi ya kwanza tu, mashine ndogo ya kukerezea ilitetemeka mpaka makopo yakacheza rafuni, kisha ta! Kisu vipande viwili.

"Visu vya siku hizi ni bati tupu," akasema Jicho, akipandisha miwani yake mpya puani.

Akafunga kingine, safari hii kimechomoza kidogo tu. Kikavunjika. Akapunguza mwendo wa mashine, akamwaga oili utadhani anakaanga. Kikavunjika. Akakaza kila skrubu iliyolegea, na mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Akalaumu chuma, akalaumu umeme, akamlaumu na shemeji yake aliyemuuzia oili. Kisu cha nne nacho kikaenda na maji.

Akafunga cha tano, cha mwisho, lakini hakuwasha. Kusema kweli alishajua. Sababu zote alizimaliza isipokuwa moja, na hiyo ndiyo aliyokuwa anaikimbia.

"Hebu nipe hicho kidude chako," akamwambia binti yake bila kumtazama.

Akaibana rula katikati ya chuma na ncha ya kisu. Kisu kikiwa sawa na kitovu, rula husimama wima. Hii ilimwinamia yeye, kichwa mbele. Maana yake kisu kiko chini ya kitovu, na chuma kikizunguka kinakipanda na kukivunja.

"Ni miwani hiyo, baba," binti akawahi. "Mpya, tena ya kuonea mbali na karibu kwa kioo kimoja. Inakudanganya."

Uso wa Jicho ukachangamka. Ndiyo, miwani! Akaivua, akapanga kisu upya kwa jicho lake lile lile la miaka yote, akaweka rula kwa mbwembwe.

Rula ikainama zaidi.

Hakuna aliyecheka. Jicho aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona huzuni, kana kwamba rafiki wa zamani amempita njiani bila salamu. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani kwa binti yake.

"Za nini hizi?"

"Nilisema mwenyewe. Mbele za watu."

"Unasema mengi, baba. Ulisema pia hukoromi." Binti akazisukuma zikarudi. "Mimi kupanga najua. Kukata, nakata huku roho iko mkononi. Wewe mikono yako inasikia chuma kabla hakijalalamika. Ukienda huko kibarazani, mimi nitamuuliza nani?"

Jicho akakohoa, akasingizia vumbi. Akavaa miwani, akatia kipande cha bati chini ya kisu, akaongeza kingine, mpaka rula ikasimama wima. Akawasha mashine. Kisu kikaingia taratibu, nyuzi za chuma zikatoka zimejikunja, hakuna kelele, na bushi ikadondoka kwenye trei.

Binti akanyoosha mkono kudai rula yake.

"Kanunue nyingine," akasema Jicho. "Bado bushi kumi na moja."