Majani ya Mzee wa Kichina Tuliyoyatafuna

Siku ya tano katika jiji la San Fransisko nilikuwa bado sijafungua mdomo isipokuwa kula na kuimba. Kuimba hakuna tabu, unafumba macho. Kusema huwezi kufumba macho, watu watadhani unaomba.

Kwaya yetu kutoka Karagwe ilialikwa na usharika rafiki wa huko, na mwalimu wa kwaya aliweka utaratibu: kila tunapopokelewa, mmoja wetu atoe neno la shukrani kwa Kiingereza. Jumamosi ile ilikuwa zamu yangu.

"Wewe uko kidato cha tatu," aliniambia tukishuka kwenye basi. "Ukikaa kimya leo, ubeti wako wa kesho ibadani nampa huyu mwenzako."

Mwenzangu, msichana wa sauti ya pili, alikuwa nyuma yangu. Akakohoa kusafisha koo. "Mimi niko tayari, mwalimu."

Nyamaza wewe, nikamwambia moyoni. Moyoni nasema sana.

Mwenyeji wetu, mama mmoja mzungu mrefu, alitupeleka mtaa wa Wachina. Alisema wameishi pale tangu mababu zao walipokuja kujenga reli. Tukapita chini ya lango la vigae vya kijani lililolindwa na simba wawili wa mawe. Barabara zilipanda kama njia za kwetu Bweranyange, ila hizi zina lami na hakuna mgomba hata mmoja. Kwenye dirisha la hoteli walining'inia bata wa kuchoma, vichwa vyao vikiwepo bado. Mama mlezi wa kwaya akasimama kuwatazama.

"Hawa wanajua kuheshimu mgeni," akasema. "Bata na kichwa chake! Hapo huwezi kusema umepunjwa."

Kisha tukaingia wote kwenye duka la chai. Makopo yalipangwa hadi darini, na nyuma ya meza alikaa mzee wa Kichina. Wasichana tukapiga magoti kumwamkia, kama inavyopasa. Mzee akainuka, akachungulia aone tumeangusha nini.

Akafungua kopo moja, akanisogezea mimi, maana nilikuwa nimesukumwa mbele. Ndani kulikuwa na majani makavu meusi. Mwenyeji wetu akainama na kuvuta pumzi ndefu kwa pua. Nikadhani ana mafua. Kwetu mgeni akishakaa tu, kabla ya maji wala maswali, analetewa akamwani, kahawa ya kutafuna. Asiyepokea amekuja na ugomvi. Basi nikapokea kwa mikono miwili, nikatia mdomoni.

Mzee akabaki ameshika kopo hewani. Wenzangu, waliolelewa vizuri, wakapanga mstari. Kila mmoja mikono miwili, kila mmoja mdomoni.

"Punje za kahawa wamebakiza wenyewe," mama mlezi akaninong'oneza. "Sisi wametupa majani."

"Tafuna, mama, usituaibishe," mwalimu akasema, shavu limemvimba.

Majani yale hayakuisha, yaliongezeka. Nyumbani makapi unayatema nje kwenye migomba, lakini pale chini palikuwa na zulia jekundu. Ndipo mwalimu akanigusa bega.

"Neno la shukrani."

Nikameza. Yakakwama. Machozi yakanitoka. Mzee akanitazama, akatazama kwaya nzima ikicheua kama ng'ombe wa jioni. Halafu naye akachota, akatia mdomoni, akatafuna taratibu. Mkewe akatokeza nyuma ya pazia, akamwona, akacheka hadi akashika meza.

Na mimi nikacheka, na majani yakashuka, na maneno yakapanda. Hotuba niliyoikariri sikuiona tena. Nikaanza kuwaeleza, kwa Kiingereza changu hicho hicho, kahawa inavyochemshwa na majani ya porini, inavyoanikwa, na bibi yangu anavyoificha chini ya mto ili mjomba asiimalize. Nikaeleza migomba. Mke wa mzee akaleta viti, na chai, safari hii ikiwa kwenye maji. Nikaeleza mvua. Nikaeleza mbuzi wetu. Mwalimu alinikanyaga mguu mara mbili, na yule wa sauti ya pili akaanza kusinzia.

Tulipotoka nje mwalimu akaniuliza, "Sasa, ulimshukuru?"

Sikuwa nimeshukuru. Nikarudi mbio dukani, nikasema asante mbele ya wote wawili, nikatoka nimeloa jasho.

"Ubeti ni wako," mwalimu akasema, akijichokonoa meno. "Lakini kesho uimbe tu. Usieleze."