Gitaa Lilikaa Mbele

Juzi nimechekwa dukani Korogwe. Mtu mzima mimi, mwenye mvi zangu, nimechekwa na vijana wawili wa duka la vyombo vya muziki karibu na stendi, kwa sababu niliinama nikaweka meno kwenye gitaa. Mmoja akasema, "Mama, huo sio muwa." Mwenzake akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Binti yangu wa mwisho, ambaye ndiye nilikwenda kumnunulia, akageukia barabarani kama hanijui.

Nawajibu hapa.

Binti anapiga kwenye kwaya, kwetu Handeni, na gitaa analotumia ni la kuazima. Anataka lake, la umeme, la sura ya zamani, lile la pembe mbili, rangi ya asali katikati na weusi pembeni. Siku hizi uzamani ndio fasheni. Wanayatengeneza jana, wanayapaka uzee, halafu wanakuuzia huo uzee. Na mimi pesa yangu ni ya mihogo ya kukaanga, siyo ya kuchezea. Niliyoyaweza yalikuwa mawili: moja linang'aa kama kucha za bibi harusi, lingine limeshatumika, limechubuka, na kitufe kimoja hakipo. Kijana akalichomeka lile la kung'aa kwenye spika kubwa kama kabati, duka likatetemeka. "Hili la kishua, bi mkubwa," akaniambia. Nikamwambia azime spika. Ndipo nikayauma yote mawili, moja baada ya jingine, na kicheko kikaanza.

Sasa ngoja nikwambie nilikojifunzia.

Bibi yangu alitutelemsha kutoka Kwashemshi nikiwa bado nabebwa mgongoni, akaja kufanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Magoma. Nimekulia kambini. Ukiniuliza harufu ya utoto nitakwambia maji ya korona, ile mashine iliyokuwa inakamua majani ya mkonge. Yalikuwa yananuka uchachu mpaka kwenye nguo za Jumapili, na leo nikikumbuka natamani yanuke tena. Singa, zile nyuzi za mkonge, zilianikwa kwenye waya, nyeupe, uwanja mzima. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuokota milingoti mikavu ya mkonge kwa ajili ya kuni. Bibi akiinjika mbaazi, hukai mbali.

Kulikuwa na ukumbi, na ukumbi ulikuwa na bendi ya wafanyakazi. Mjomba wangu, mkata mkonge, ndiye aliyepiga gitaa. Lakini umeme ulikuwa wa kiwanda. King'ora kikilia, korona inasimama, na taa za ukumbi zinazimika hapo hapo. Jumamosi tu meneja aliruhusu wachezee umeme. Siku nyingine zote bendi ilifanya mazoezi na gitaa la umeme lisilo na umeme, linalia kama mbu.

Basi mjomba akatufundisha kuliuma. Unabana meno kwenye pembe yake, yeye anapiga uzi, na sauti yote inaingia kichwani mwako. Jirani yako hasikii kitu. Wewe unasikia mpaka macho yanatetemeka. Tulipanga foleni, na kila mtoto akimaliza mjomba anafuta ile pembe kwa shati lake. Bibi alilalamika kwamba tunarudi tumeshiba vanishi, hatuli.

Gitaa lenyewe aliwahi kulichagua hivyo hivyo. Walitumwa Tanga kununua, yeye na katibu wa ukumbi. Katibu alitaka jipya linalong'aa. Mjomba akayauma yote, akasimama kwenye bovu bovu moja. Alitusimulia mara nyingi jinsi katibu alivyomfinya mkono akimwambia anaitia kampuni aibu. "Spika msiisikilize," mjomba alikuwa anatuambia, "spika inamsifia kila mtu. Ulizeni mti."

Lakini halikuwa lake. Lilikuwa mali ya shamba, na mwisho wa wiki alilirudisha stoo pamoja na visu vya kukatia mkonge.

Siku moja bendi ikaalikwa Handeni kwenye harusi. Bibi akanipakia na mimi, na kikapu cha mbaazi nimpelekee shangazi. Lilitolewa lori la shamba. Tulipofika Korogwe mjini, katibu na dereva wakasimama nyuma ya duka moja, wakapakia saruji ya tajiri wa sokoni Handeni. Mzigo wao wa pembeni, wa kwao wawili. Wakajaza mpaka lori likakaa chini. Sisi tukaambiwa tupande juu ya mifuko.

Mjomba alikuwa anapanda na gitaa mgongoni. Katibu akamzuia. Namsikia mpaka leo.

"Hilo lilete huku mbele. Mali ya kampuni hiyo, isije ikaumia."

Na gitaa likakaa mbele, kwenye kiti, kati ya dereva na katibu.

Tukavuka daraja la Old Korogwe tunaimba. Barabara ilikuwa vumbi tupu. Kwenye mteremko, mbele huko, breki zikakataa, lori likalala ubavu, na saruji ikatulalia. Mjomba alifia pale. Mpiga ngoma alifia pale. Mwimbaji alifikishwa hospitali, hakurudi. Mimi nilivunjika nyonga, na ndiyo maana ninatembea hivi ninavyotembea, na ndiyo maana darasa la nne ndilo la mwisho kwangu. Wa mbele wote walitoka wazima. Nikiwa nimelala kwenye majani nilimwona katibu anakung'uta vumbi kwenye gitaa, anamwambia dereva, "Hili zima, tushukuru."

Kisha akasema ofisini kwamba tulidandia bila ruhusa. Meneja akaandika hivyo, akijua saruji ile haikuwa ya shamba. Bibi akaletewa sanda na mfuko wa unga. Sanda akaipokea. Unga akaubeba kichwani mpaka ofisini, akautua juu ya meza ya katibu, akarudi nyumbani.

Mnataka niwataje? Katibu wa ukumbi. Dereva wa lori. Meneja wa shamba. Waliokuwepo wanawajua hata majina ya baba zao. Na shamba lilipobadilisha wenyewe, vyombo vya bendi vikasemekana vimeoza. Gitaa halikuoza. Nimeliona kwa macho yangu limetundikwa sebuleni kwa katibu, Korogwe, kama picha ya marehemu. Naye katibu alipokufa alizikwa kwa heshima zote, hotuba juu ya hotuba, eti mlezi wa muziki.

Leo ule ukumbi unafugiwa mbuzi. King'ora hakilii, korona imekatwa vyuma chakavu. Waliosubiri zamu ya kuliuma wametawanyika, na mimi sijakutana na mwingine anayejua kwamba mti unaulizwa.

Nililinunua lile lililochubuka. La kung'aa lilikuwa limekufa, kama kuuma sabuni. Hili lililia mpaka kwenye fuvu, likakaa humo. Tukalifunga na kanga mbili na gunia, tukatafuta gari ya Handeni. Dereva wa Noah akatupokea vizuri, akafungua mlango wa mbele.

"Gitaa liweke hapa kwangu, mama, lisiumie. Nyie mtajibana huko nyuma."

Alikuwa na nia njema. Hajui. Nikamwambia mbele atakaa mwanangu, afunge mkanda, na gitaa lifungwe juu ya keria.

"Mama," binti akasema, "litakwaruzika."

"Likwaruzike."

Akapanda mbele amenuna. Mimi nikakaa nyuma yake, naona kisogo chake. Siku hizi barabara ni lami, mteremko ule mtu anaupita anachezea simu, hata msalaba haupo. Ila kuna matuta, na kila tuta gitaa liligonga bati juu ya kichwa changu. Nikaliacha ligonge.