Kupoza Uji Usiokuwepo

Mimi sijawahi kumroga mtu. Naanza na hilo kwa sababu nina wajukuu kumi na mmoja, wawili kati yao walimu, na siku moja mmoja wao atakwenda Kiriba kwenye msiba wa upande wa babu yake, atakaa kwenye mkeka, na mtu atamnong'oneza. Basi asikie kwangu kwanza. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini kuandika najua, na kusahau sijui.

Kosa langu lilikuwa kupuliza.

Mambo yalianzia kwenye gunia la pamba. Zamani hizo pamba yetu yote ilikwenda ushirika, na kabla ya kwenda ilishindiliwa kwenye magunia marefu kuliko mtu. Gunia linatundikwa kwenye miti, mtu mwepesi anaingizwa ndani, wenzake wanammiminia pamba kutoka juu, naye anaikanyaga na kupanda nayo mpaka atokeze kichwa kama kifaranga. Mimi nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili na njaa ya miaka ile ilikuwa imenichonga vizuri. Wakasema, huyu ndiye. Wakaniingiza.

Waliokuwa juu walikuwa na haraka, tena na mizaha. Wakamwaga kapu juu ya kapu kabla sijamaliza kukanyaga la kwanza. Pamba ikanifika kiunoni, ikanifika kifuani, ikanifika kidevuni. Vumbi lake linaingia puani kama unga. Nikavuta hewa, haikuja. Nikavuta tena. Moyo ukawa unatwanga kama mchi, vidole vikafa ganzi, midomo ikafa ganzi, nikajua ninakufa, tena nakufa nimesimama, nimefungashwa kama mzigo.

Walinitoa kwa kunivuta mikono. Nje hewa ilikuwa tele, upepo wa ziwa unapeperusha kanga, na mimi bado nimetumbua macho, nahema kama samaki furu aliyetupwa mchangani.

"Jamani, mke wa mvuvi kazama nchi kavu!" akasema mmoja, watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nami nilicheka siku ile. Sikujua kwamba gunia limenifuata nyumbani. Likawa linanivaa popote palipobana: kanisani siku ya Pasaka, kwenye lori la kwenda Musoma, hata ndani ya nyumba mlango ukifungwa kwa ajili ya mvua. Mama mkwe akasema ni pumu. Akasema wazazi wangu waliificha wakati wa posa. "Tulitoa ng'ombe wazima," aliwaambia wageni nikiwa nawamiminia chai, "tukapewa kifua kibovu." Wakanipeleka kwa mganga, akanichanja chale kifuani, mistari sita. Ninayo mpaka leo na haijawahi kunisaidia kitu. Mume wangu yeye alikuwa mtu wa nyavu. Akinikuta ninahema alitoka nje kwenda kuangalia nyavu zake, hata kama alikuwa amezianua na kuzikunja tayari.

Aliyenisaidia ni mama yangu mzazi. Nilipokwenda kwetu Butiama kujifungua mtoto wa tatu, alinipeleka kwa sista mmoja mzee aliyekuwa akitibu watu. Sista akaniwekea kile chombo cha kusikilizia mgongoni, akanipigapiga kwa vidole kama mtu anayechagua mtungi.

"Mama, kifua chako ni kizima."

"Sista, mimi nakufa."

"Hufi. Unaogopa."

Nilikasirika nikataka kuondoka. "Nimezaa mara tatu sijapiga kelele, leo unaniita mwoga?"

"Sijasema mwoga. Nimesema unaogopa. Ukibanwa unafanyaje?"

"Navuta hewa."

"Unavuta, unavuta, ya ndani hujaitoa. Nyumba imejaa wageni na wewe unazidi kukaribisha. Toa waliomo kwanza."

"Nawatoaje?"

"Uji wa mtoto unaupozaje?"

Nikakunja midomo nikapuliza.

"Taratibu. Huo utaumwaga wote. Puliza polepole, kwa muda mrefu, mpaka upoe. Fanya hivyo hivyo hata kama uji haupo."

Niliona ni upuuzi. Lakini niliporudi kwenye lori, watu wamepakiwa kama dagaa, gunia likaanza kunipanda, nikakunja midomo nikapoza uji. Nikapoza mpaka Musoma. Nikashuka na akili zangu timamu, na mtoto wangu mikononi. Huyo sista Mungu amweke pema. Ila kitu kimoja hakunifundisha, na nadhani hakukijua kwa sababu hakuzaliwa kwetu. Huku kwetu pumzi ya mtu mzima si upepo tu. Mzee akikubariki anatia maji mdomoni anakupulizia. Na mdomo unaoweza kubariki watu wanajua unaweza na kinyume chake.

Basi ikaja siku ya sabuni.

Vijana hawajui. Miaka ile ukisikia duka la ushirika limeletewa sabuni, unaacha jembe shambani. Kila mtu anaweka jiwe lake kwenye mstari kushika nafasi, langu lilikuwa jeupe lenye ufa, na dirisha likifunguliwa mnakimbilia mawe yenu. Hapo ndipo mnabanana kifua kwa mgongo, maana ukiacha nafasi ya kiganja tu, kuna mtu ameingia.

Mbele yangu alikuwa jirani yangu. Tulichota maji pamoja, tuliazimana chumvi, akiungua kidole mimi ndiye niliyesema aah. Alikuwa na mtoto wake mgongoni, wa kike, wa miezi saba, na kichwa cha yule mtoto kilikuwa chini ya kidevu changu. Wakasukuma kutoka nyuma. Gunia likanipanda. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nywele za mtoto zikawa zinatikisika na pumzi yangu, akageuka akanicheka, ana meno mawili.

Mama yake akahisi. "We mwenzangu, unampulizia nini mwanangu?"

"Napoza uji."

"Uji uko wapi?"

"Haupo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Njaa hiyo! Mwenzetu amefikia kupoza uji wa ndotoni!" Mwenzangu naye alicheka. Tukapata kipande kimoja kimoja cha sabuni tukarudi nyumbani tunaongea.

Siku ya nne mtoto alishikwa na degedege. Walimkimbiza zahanati, wakaambiwa dawa ya malaria imeisha tangu mwezi uliopita, wampanguse kwa maji ya baridi. Walimpangusa. Kabla ya jua kufika utosini alikuwa amekufa.

Mtoto alikufa kwa kukosa dawa. Hilo hata kuku wa pale alilijua. Lakini rafu tupu ya zahanati haina jina wala mlango wa kwenda kuusimamia. Mimi ninao. Ilitosha mmoja kwenye msiba kukumbuka foleni, na mwingine kuuliza, "Hivi yeye mwenyewe si alisema uji haukuwepo? Sasa alikuwaga anapuliza nini?"

Baada ya siku za msiba kuisha, mama mkwe aliniita uwanjani, asubuhi. Nilikuta watu wamekaa. Jirani yangu alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, haniangalii. Mama mkwe alikuwa na kibuyu cha maji.

"Mkamwana," akasema, kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kunipa, "mwenzako ameumia. Kama moyo wako ni mweupe, mpulizie maji, umbariki, apate kuzaa tena. Yaishe."

Niliiona njia ilivyokuwa. Nikikataa, nimekiri. Nikikubali na maji yakatoka vizuri, ninabaki na nyumba yangu na watoto wangu watatu. Nikachukua kibuyu, nikatia funda mdomoni. Watu wakasogea kuona. Wakasogea wote, kwa pamoja, mduara ukawa mdogo, nikasikia joto la miili yao, na gunia likaja.

Niambie wewe unayesoma, mtu anapozaje uji na mdomo umejaa maji? Pua zilikuwa zimeziba kwa kulia. Nikavuta. Maji yakanipalia. Nikakohoa, nikapiga magoti, maji yote yakanimwagikia kifuani mwangu, juu ya zile chale. Tone moja halikumfikia mwenzangu.

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga kelele. Mama mkwe alisema polepole, kama mtu anayesoma barua: "Maji yamemkataa."

Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa ameshatoka kwenda kuangalia nyavu.

Niliondoka na mtoto mmoja mgongoni na sufuria moja. Wawili wakubwa walibaki, kwa sababu ni watoto wa ukoo, na ukoo haumpi mchawi mbegu zake. Walikuja kunitafuta wenyewe walipoota ndevu. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Nilikwenda Bunda. Nilichagua Bunda kwa sababu pale kila mtu anapita, hakuna anayekaa akuchunguze. Nikaanza kuuza uji wa ulezi karibu na stendi, kwanza kwa kujifichaficha, maana mgambo walikuwa hawampendi mtu mwenye sufuria. Kisha ikawa ruksa. Maduka yakajaa vitu, mitumba ikamwagwa chini kama majani, mabasi yakawa mengi, na pamba ikapata wanunuzi wengi, kila mmoja na mzani wake na uongo wake. Magunia waliyashindilia vilevile kwa miguu. Mimi nilipita upande wa pili wa barabara.

Abiria huwa na haraka, wanataka uji uliopoa. Basi mimi naumimina kikombe hadi kikombe, napuliza. Asubuhi mpaka mchana napuliza, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza uji uko wapi. Stendi inasongamana, makonda wanasukumana, gunia linanyanyuka, mimi napoza tu. Watu walisema yule mama ana uji mtamu. Hawakujua kwamba nilikuwa ninapumua.

Asubuhi moja basi la kutoka Mwanza lilisimama, akashuka mwanamke na mtoto wa kiume wa miaka kama minne.

"Mama, tupe kikombe kimoja. Mpozee mtoto, basi halikai."

Sauti niliijua kabla ya uso. Yeye hakunijua, nilikuwa nimenenepa na kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Nikapoza. Mtoto akanywa, akalamba mdomo. Nikawa napoza cha pili, ndipo mwanamke akaiangalia midomo yangu. Akaiangalia kwa muda. Mkono ukaenda kifuani, kanga ikamteleza, nikaona chale. Mistari sita, bila shaka ni wembe uleule. Akaanza kuhema. Macho yametumbuka, vidole vimekakamaa. Niliona gunia lile kwa nje kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Imekuanza lini?" nikamuuliza.

"Tangu... tangu..." Hakumaliza. Nilijua ni tangu lini.

Nitasema ukweli, maana mimi si mtakatifu. Sikumsaidia mara moja. Nilimwambia, "Sema kwanza. Sema sikumroga mwanao." Mtu asiye na hewa namwambia aseme! Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Na mimi nikangoja, kijiko mkononi. Nilingoja mpaka yule mtoto wake akaanza kulia na kumvuta kanga.

Nikamsukumizia kikombe mikononi. "Usivute hewa. Puliza. Poza huo uji. Taratibu, utaumwaga. Tena."

Akapuliza. Uji ukawa unakunjamana juu kama ziwa la asubuhi. Akapuliza tena. Konda anapiga bodi, "Musoma, Musoma! Mama, twende, au tukuache uolewe na sufuria?" Mabega yake yakashuka kidogo kidogo. Akatazama ndani ya kikombe.

"Ndicho ulichokuwa unafanya? Siku ile?"

"Ndicho."

"Kumbe," akasema.

Akaweka kikombe, akambeba mtoto, akapanda basi.

Nilipewa neno moja. Nikalisubiri lifike Kiriba. Nilikuwa mjinga kiasi hicho: kila nilipomwona mtu wa huko nilidhani amelileta. Nilijiona nimeketi kwenye kigoda changu, mama mkwe ananiambia, mkamwana, tulikosea.

Mwishowe alikuja mwanamke mmoja muuza dagaa wa Kiriba, anayeshinda gulioni Bunda. Alikuwa ananywa uji kwangu, hanijui, anasimulia habari za kwao kama watu wanavyosimulia.

"Kuna mama wa pale kwetu alianza kupuliza hewa. Kisimani, kanisani, anakunja midomo, fuu, fuu. Wazee wakamwita, wakamletea kibuyu."

Kijiko kikanisimama. "Akapulizia?"

"Nani! Hakungoja maji. Alisema kuna mchawi alikimbilia huku Bunda zamani, ndiye kamlisha uji akamrithisha. Wakamwombea, ikaisha."

"Ikaisha? Habanwi tena?"

"Kubanwa anabanwa, masikini. Akibanwa anajifungia ndani anahema peke yake mpaka anaanguka. Lakini hapulizi tena. Watu wanamhurumia kweli, wanampelekea hata maji."

Nikamimina kikombe kingine, nikapuliza. Nikapuliza tena.

"Mama," akasema yule wa dagaa, "mbona unapuliza? Huo uji si ulishapoa."

"Kunywa," nikamwambia, "uende zako."